Anayeanguka Ndiye Anayemtengeneza Nyota

Machi 23, 1997, pale Rosemont, nje kidogo ya Chicago, mwanamieleka Steve Austin alipoteza pambano. Bret Hart alikuwa amemnasa kwa Sharpshooter: miguu inasokotwa pamoja, mpinzani anageuzwa kifudifudi, kisha aliyemnasa anachuchumaa na kuivuta miguu nyuma hadi mgongo upinde. Damu ilimtiririka Austin kutoka kwenye paji la uso, ikapita puani na kuingia kati ya meno. Alijiinua kwa mikono, Hart akayumba, ukumbi mzima ukasimama ukidhani amejinasua, Hart akashika tena. Refa wa siku hiyo, Ken Shamrock, alimwinamia na kumuuliza kama amekubali kushindwa. Austin hakugonga sakafu wala hakusalimu amri. Alizimia, na Shamrock akasimamisha pambano.

Kwenye kumbukumbu ushindi ni wa Hart. Lakini ukumbi ulioanza jioni ukiwa upande wa Hart uliimaliza ukiwa upande wa Austin. Hart aliendelea kumpiga mtu aliyelala, Shamrock akamng'oa kwa nguvu, Hart akaondoka akizomewa. Austin alikataa kushikwa mkono, akamtandika refa aliyekuja kumsaidia, akajikongoja kurudi nyuma ya pazia peke yake huku watu wakiliita jina lake. Katika dakika ishirini na kitu steringi amekuwa adui na adui amekuwa steringi. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, Machi 29, 1998, Austin alimwangusha Shawn Michaels jijini Boston na kuwa bingwa.

Watu wengi wanaoizungumzia mieleka hii, ambayo mshindi wake hupangwa kabla, huuliza nani anabebwa na ofisi, yaani uongozi wa kampuni. Ni swali la haki, ila linamtazama mtu asiye sahihi. Ukitaka kujua kama fulani atakuwa nyota, mwangalie anayepangiwa kuanguka mbele yake. Heshima ya mwanamieleka haitoki hewani, hutoka kwa mwanamieleka mwingine. Bingwa aliyewaangusha kumi amebeba heshima ya wote kumi, na siku atakapolazwa chali katikati ya ulingo, refa akahesabu hadi tatu bila hila, mzigo wote ule unahamia kwa aliyemlaza. Akiangushwa na mtu asiyefaa, au wakati usiofaa, mzigo unamwagika na hakuna wa kuuokota. Kazi ya mpanga mapambano, ukiiondolea fataki na muziki, ni kuamua nani aanguke kwa nani, lini, na kwa namna gani.

Hart alijua alichokuwa anakitoa usiku ule. Angeweza kumshinda Austin kwa mtego uleule, Austin akagonga sakafu, na kesho yake pasingekuwa na cha kusimulia. Kuzimia badala ya kusalimu amri ni tofauti ya sekunde mbili tu, lakini ndani ya sekunde hizo mbili kuna biashara ya miaka mitatu.

Mpangaji hodari huanzia mwisho. Kwa kampuni kama WWE ya Marekani, onyesho kubwa la mwaka, WrestleMania, huangukia Machi au Aprili, kwa hiyo kinachoamuliwa kwanza ni picha ya mwisho ya usiku ule: nani ameshika mkanda juu, nani amelala, nani amekaa pembeni anatazama. Kutoka hapo anarudi nyuma kwa vidole. Januari kuna Royal Rumble, ambamo watu 30 huingia mmoja baada ya mwingine, na desturi ni kwamba wa mwisho kubaki hupata pambano la ubingwa. Basi kufikia Novemba mtu huyo lazima awe ameshawaangusha watu wawili watatu wenye majina. Kufikia Agosti lazima awe na ugomvi mmoja uliomalizika vizuri, ambao yeye ndiye aliyeumaliza. Ukihesabu hivyo, kumpaisha mtu kwa utaratibu kunachukua miezi minane hadi mwaka, na hiyo ni kama hakuna aliyevunjika goti katikati.

Wiki ya mwisho kabla ya onyesho kubwa ina kanuni yake. Anayetarajiwa kushinda Jumapili ni vizuri aachwe amelala Jumatatu. Akisimama juu ya adui wake siku chache kabla, watu wameshaona walichotaka kuona, tena bure, na hamu yao imepungua. Akilala, wanakuja kutafuta malipo.

Siku yenyewe ya televisheni kazi huwa ya mikono zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kila pambano hupewa mtayarishaji, mara nyingi mwanamieleka mstaafu, naye huwaita wahusika mchana na kuwaambia mambo manne: dakika mlizo nazo, mapumziko ya matangazo yanaingia wapi, nani anashinda, na kwa namna gani. Dakika kumi na mbili kwenye karatasi mara nyingi huwa nane ukitoa kuingia ulingoni na matangazo. Yaliyomo katikati wanamieleka huyapanga wenyewe, mengine mezani, mengine kwa kunong'onezana ulingoni wakiwa wameshikana shingo. Nyuma ya pazia kuna meza yenye skrini, saa na vipaza sauti, mahali panapoitwa Gorilla kwa jina la Gorilla Monsoon aliyekuwa akisimama hapo. Kutoka mezani hapo maneno hufika kwenye kifaa kilicho sikioni mwa refa, na refa ndiye anayewaambia wapambanaji kwamba zimebaki dakika mbili, malizeni. Refa huyohuyo akipishanisha mikono juu ya kichwa chake kuunda alama ya X, ujue mchezo umeisha kuwa mchezo, mtu ameumia kweli.

Pambano la kawaida linalomjenga steringi lina hatua nne. Anaanza kwa kung'aa: anamzidi adui kasi, anamfanya aonekane mjinga, watu wanacheka na kupiga makofi. Kisha anateswa: adui anamkata kwa hila, anachagua kiungo kimoja, mkono au goti, na kukishughulikia hichohicho. Hatua hii ndiyo huwekwa kwenye mapumziko ya matangazo, ili mtazamaji akirudi akute hali imekuwa mbaya zaidi kuliko alivyoiacha. Ya tatu ni kufufuka, mapigo matatu manne ya haraka yanayoamsha ukumbi. Ya nne ni mwisho wenyewe.

Makosa mengi hutokea katika hatua ya pili. Vijana wana haraka ya kufika kwenye mapigo ya kuruka, kwa hiyo wanateswa kwa dakika moja na nusu kisha wanafufuka. Hakuna aliyepata muda wa kuwahurumia, na kufufuka kwao kunapita kama basi lisilosimama kituoni. Kosa lingine ni kusahau kiungo. Goti limesagwa kwa dakika tano, halafu mwenye goti anakimbia kama swala na kuruka kutoka juu ya kamba. Adui aliyefanya kazi ile yote amegeuzwa mtu asiyejua kuumiza, na steringi ameshinda mtu asiyeweza kumdhuru. Wote wawili wamepungua, ingawa kuna aliyeshinda.

Adui mzuri ni hazina. Hupimwa kwa kiasi cha woga anaoutia kabla ya kuanguka, na kwa jinsi anavyokubali kuanguka siku ikifika. Kuna aina ya adui anayetaka kushangiliwa kwa ufundi wake, anatupia mbwembwe za kuvutia, watu wanampenda kimyakimya. Huyo anamnyima steringi chakula.

Ukitaka kuona kazi ya kuhamisha heshima ikifanywa polepole na kwa nidhamu, itazame New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani. Kijana wao huanza na kaptula fupi nyeusi na buti nyeusi, hana vazi la kung'aa, hana jina la kupanga, na mapigo yake ni yale ya msingi: kiwiko, kofi la kifua, teke la kuruka la miguu miwili, mtego wa mgongo. Hupoteza karibu kila usiku. Watazamaji wanamzoea akiwa si kitu, na hapo ndipo thamani ilipo, kwa sababu watakapoona amebadilika watakuwa wameishuhudia safari nzima. Baada ya miaka miwili mitatu hupelekwa nje ya nchi, hupotea machoni, kisha hurudi mtu mwingine.

Kazuchika Okada alirudi Januari 4, 2012, pale Tokyo Dome, akiwa na umri wa miaka 24, nywele zimebadilika rangi, amevaa koti refu la kitajiri. Usiku uleule alimkabili Hiroshi Tanahashi na kudai pambano la ubingwa, na watu hawakumpokea vizuri: nani huyu, na amefanya nini? Tanahashi alikuwa ametoka kuutetea mkanda mara 11 mfululizo katika kipindi kimoja, rekodi ya wakati ule. Februari 12 mjini Osaka, Okada alimwangusha. Zile mara 11 zote zilikuwa maandalizi ya anguko hilo moja. Tanahashi angeweza kumpa kijana heshima ya mtu mmoja, akampa ya watu 11.

Wengi wangeishia hapo na kusema nyota amezaliwa. Mpangaji wao, Gedo, hakuishia hapo. Tanahashi alirudisha mkanda miezi minne baadaye. Januari 4, 2013 walikutana kwenye pambano kuu la Tokyo Dome, Okada akapoteza. Januari 4, 2015 wakakutana tena mahali palepale, Okada akapoteza tena na kuondoka analia kwenye njia ile ndefu ya kurudi nyuma, kamera ikimfuata. Januari 4, 2016 akashinda. Katikati ya miaka hiyo alishika mkanda na kuupoteza dhidi ya wengine, lakini Tokyo Dome mbele ya Tanahashi palibaki pamefungwa kwake kwa makusudi. Lilipofunguka lile lango, hakuna aliyeuliza tena amefanya nini. Juni mwaka huo alianza kipindi kingine cha ubingwa kilichodumu siku 720, kikaishia mikononi mwa Kenny Omega Juni 9, 2018, katika pambano la kutafuta ushindi mara mbili kati ya tatu lililopita saa moja. Mnyororo unaonekana wazi: Tanahashi akampa Okada, Okada akampa Omega, na kila aliyetoa alikuwa amejaa kabla ya kutoa.

Njia ya haraka ipo pia, nayo inafanya kazi, mradi ujue itakwisha. WCW, kampuni nyingine ya Marekani, ilimpeleka Bill Goldberg ulingoni Septemba 22, 1997. Alikuwa hajui mengi, na mpango ulikuwa kuficha asichokijua. Mapambano ya dakika mbili tatu, wasindikizaji wanaokubali kupigwa, pigo la bega linalomkunja mtu katikati, kisha anainuliwa miguu juu na kubamizwa chini, moja, mbili, tatu, ameondoka. Hazungumzi. Kamera inamfuata kutoka chumbani, walinzi kushoto na kulia. Pambano la dakika mbili lina faida ambayo la dakika ishirini halina: hakuna nafasi ya kukosea. Mtu mwenye mapigo manne mazuri, anayetumia manne tu, anaonekana bingwa wa kila kitu.

Msindikizaji naye ana ufundi wake, na huyu ndiye mtu asiyeshukuriwa kabisa katika biashara hii. Lazima ajue kuruka kwenda na pigo ili uzito wa mwinuaji upungue, kidevu kikiwa kifuani ili kisogo kisiguse sakafu, mikono ikipiga turubai kusambaza kishindo. Akianguka vibaya anaumia. Akianguka kizembe anayemwangusha anaonekana dhaifu. Kuna nyota waliojengwa na watu kumi ambao leo hakuna anayekumbuka majina yao.

Goldberg alimwangusha Hulk Hogan Julai 6, 1998, pale Georgia Dome jijini Atlanta, mbele ya umati mkubwa kupita kiasi, kwenye televisheni ya kila wiki. Sauti ya usiku ule ni miongoni mwa kubwa zilizowahi kusikika kwenye mchezo huu. Lakini hilo lilikuwa pambano ambalo watu wangelilipia, na lilitolewa bila malipo ili kushinda ushindani wa watazamaji wa wiki moja. Tatizo la pili lilikuwa hesabu. Idadi ya ushindi iliyotangazwa ilianza kukimbia kuliko mapambano yaliyofanyika, na mashabiki waliokuwa wakihesabu nyumbani wakaona. Ukimdanganya shabiki kuhusu idadi, anaanza kujiuliza na mengine.

Anguko likaja Desemba 27, 1998. Idadi rasmi ilikuwa 173, na aliyeivunja ni Kevin Nash, baada ya Scott Hall kumchoma Goldberg kwa kifaa cha umeme. Jiulize heshima ya 173 ilikwenda wapi. Nash alikuwa tayari mkubwa, hakuihitaji. Siku nane baadaye, Januari 4, 1999, ukumbini kulekule Atlanta, Nash alijiangusha makusudi baada ya Hogan kumgusa kifua kwa kidole, akampa mkanda. Ushindi wa mwaka mzima uliingia mfukoni kwa mtu mmoja na kutolewa kwa kidole, kwa mtu wa miaka mingi ambaye naye hakuuhitaji. Hakuna kijana aliyepata chochote. Ukitaka somo moja la jinsi ya kumwaga mzigo barabarani, ni hilo.

Pigo la kumalizia linahitaji kulindwa kama mkanda wenyewe. Pigo zuri lina sifa tatu: linaweza kufanywa kwa mtu wa ukubwa wowote, linaweza kutokea ghafla kutoka katika hali yoyote, na mtoto aliyekaa safu ya mwisho anaweza kulitambua. Stunner ya Austin ilikuwa nazo zote, teke la tumbo, kichwa begani, anakaa chini. Pigo linalohitaji kumbeba mtu begani kwanza litakwama siku mpinzani ana kilo 200. Kisha kuna suala la kunyanyuka baada yake. Mtu akipigwa pigo la kumalizia na kuinua bega kwenye hesabu ya mbili, ukumbi unalipuka, na kishindo hicho ni kitamu kiasi kwamba wapambanaji hukitafuta kila wiki. Ukikitumia mara mbili kwa mwaka ni dhahabu. Ukikitumia kila Jumatatu, pigo limekufa, na utahitaji matatu kumaliza pambano lililokuwa likimalizwa na moja.

Namna za kupoteza bila kupungua zipo nyingi: kuingiliwa na mtu wa tatu, kuhesabiwa kumi nje ya ulingo, kuondolewa kwa kosa, kuviringishwa ghafla na kubanwa mabega, au kwenye pambano la watatu, kuangushwa yule wa tatu. Ni dawa, na kama dawa zote zina kipimo. Dusty Rhodes alipokuwa akipanga mapambano miaka ya 1980 alikuwa na mwisho wake: refa anaangushwa, refa wa pili anakimbia kuhesabu tatu, steringi anashangilia na mkanda, kisha refa wa kwanza anazinduka na kusema palikuwa na kosa, ushindi umefutwa. Mara ya kwanza watu wanachukia na kurudi mwezi ujao kutaka haki. Mara ya tano wanabaki nyumbani, kwa sababu wameshajua kwamba wanachokishangilia kitafutwa.

Ugonjwa wa siku hizi ni wa upole zaidi, na ninauona unaua vipaji vingi kuliko mwingine wowote. Wiki hii A anamshinda B, wiki ijayo B anamshinda A, kwa nia njema ya kuwaweka wote hai. Baada ya miezi sita una watu ishirini wenye rekodi sawa, hakuna aliye juu wala chini, na anapohitajika mmoja apande ghafla kumkabili bingwa hakuna anayemwamini. Heshima haijahamia popote, imezungushwa tu. Lazima awepo wa kupoteza, na anayepoteza apewe kitu kingine: ugomvi wake, maneno yake, mtu wake wa kumshinda kule chini.

Katika haya yote mpangaji ana mshirika asiyemwajiri, umati. Ukumbi husikilizwa mahali pawili. Sauti ya sekunde tatu za kwanza za muziki wa kuingia inakuambia kama watu wanamjua: kioo cha Austin kilipovunjika, kengele ya Undertaker ilipolia, hapakuwa na haja ya kutaja jina. Lakini sauti hiyo inaweza kuwa ya muziki wenyewe. Sikiliza tena dakika ya kumi ya pambano, anapoteswa. Wakimwita jina hapo, wanamtaka. Wakinyamaza, walipenda wimbo.

Umati ukikataa, kuulazimisha ni kazi bure. Rocky Maivia aliingizwa Novemba 17, 1996 akitabasamu, kijana wa familia ya wanamieleka, na ndani ya miezi michache kumbi zilimwimbia kwamba hafai. Kampuni ilifanya jambo la busara: Agosti 1997 ilimrudisha akiwa adui, na chuki ileile ya kweli ikawa ndiyo maneno yake kwenye maiki. Akawa The Rock. Hakubadilishwa tabia tu, aliruhusiwa kusema kile ambacho watu walishakihisi.

Roman Reigns alicheleweshwa kugeuzwa hivyo. Januari 25, 2015 alishinda Royal Rumble jijini Philadelphia na ukumbi ukamzomea, hata The Rock alipomwinua mkono hawakunyamaza. Daniel Bryan, waliyemtaka, alikuwa ameingia namba 10 na kutolewa mapema. Mwaka mmoja kabla, mashabiki walikuwa wameizomea Rumble kwa sababu Bryan hakuwemo, hadi mpango wa WrestleMania ukabadilishwa akashinda mara mbili usiku mmoja wa Aprili 6, 2014. Kwa Reigns kampuni ilichukua zaidi ya miaka mitano kukubali. Alipogeuzwa adui Agosti 2020, kipindi ambacho kumbi hazikuwa na mashabiki, akatulia, akapunguza mwendo, akazungumza kwa sauti ya chini, na yote yaliyokuwa kasoro kwa steringi yakawa nguvu kwa adui. Mkanda alioushika Agosti 30 mwaka huo alikaa nao siku 1,316.

Becky Lynch ni upande mwingine wa sarafu. Agosti 2018 alimpiga rafiki yake Charlotte Flair baada ya kushindwa, ikiwa imepangwa azomewe. Watu walishangilia, kwa sababu walikuwa wamemwona akisubiri miaka na nafasi yake ikachukuliwa. Siku mbili baadaye alipewa maneno ya kuwalaumu mashabiki, wakashangilia zaidi. Novemba ngumi ya Nia Jax ikampasua pua kwelikweli, naye akasimama kati ya watu kule juu, uso umejaa damu, mikono imetanuka, na picha hiyo ikafanya kazi ambayo hakuna mpango ungeifanya. Kampuni ikaacha kubishana. Aprili 7, 2019 wanawake walifunga WrestleMania kwa mara ya kwanza, na Becky akaondoka na mikanda miwili.

Majeruhi si lazima yaue safari. Austin aliumia shingo vibaya Agosti 1997, katikati ya kupaishwa kwake. Wangeweza kumficha nyumbani. Walimweka kwenye televisheni kila wiki bila kupambana, akitembea na Stunner mkononi kama bastola, na Septemba 22, pale Madison Square Garden, akampiga nayo bosi wa kampuni, Vince McMahon mwenyewe. Huko ndiko ulikochipuka ugomvi wa mfanyakazi na bosi, uliokuja kuwa mkubwa kuliko pambano lolote.

Swali gumu kuliko yote ni kutoa au kushikilia. Cody Rhodes alikuwa amepanda vizuri: alirudi Aprili 2022, Juni akapambana akiwa amechanika msuli wa kifua, upande mzima wa kulia umevilia damu hadi mkononi, akashinda. Aprili 2, 2023 kila mtu alimngoja amwangushe Reigns. Solo Sikoa, mtu wa kambi ya Reigns, akaingilia, Cody akapoteza. Wengi walisema wameua jambo, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa mara nyingi ukikosa siku yenyewe huipati tena. Iliokolewa na kazi ya miezi kumi na miwili iliyofuata: Cody hakuachwa bila ugomvi hata mwezi mmoja, na kila wiki sababu ya kutaka ule mkanda ilirudiwa kwa maneno rahisi. Aprili 7, 2024 akashinda, na mzigo wa siku 1,316 ukahamia mahali pamoja.

Kofi Kingston alipewa. Miaka 11 ya kuwa mtu wa katikati, kisha Februari 2019 Mustafa Ali akaumia, Kofi akachukua nafasi yake, akapambana zaidi ya saa moja mfululizo usiku mmoja, na ukumbi ukamshika usimwachie tena. WrestleMania ya Aprili 7 alimwangusha Daniel Bryan, watoto wake wakapanda ulingoni. Bryan alifanya kila ambacho Tanahashi alikifanya: alikuwa adui asiyependeka hata kidogo, alimdharau, na alipoanguka alianguka bila udhuru. Mzigo ulihama wote. Oktoba 4 mwaka huohuo, Brock Lesnar alimwinua Kofi begani, akamzungusha, akambamiza, na hesabu ya tatu ikakamilika kabla sekunde kumi hazijaisha. Lesnar alikuwa ameshakuwa bingwa mara nyingi, na alishamvunjia Undertaker rekodi ya kutoshindwa WrestleMania. Heshima ya Kofi haikumwongezea kitu. Mwezi uliofuata Kofi alikuwa ameshika mkanda wa wawili wawili pamoja na Big E, akitabasamu na kurusha chapati kwa mashabiki, palepale alipokuwa kabla ya Februari.